Nyumba ni yetu, ardhi si yetu: barua ya wakili inatupa siku 14 tuhame Maweni

BintiMaweni (Malindi) anauliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba wanaojua sheria wanisaidie, na wasioijua watuombee dua.

Mamangu anaishi hapa Maweni, Malindi, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba kabla mimi sijazaliwa. Ni nyumba ya fito na udongo. Mbele tumeezeka mabati, nyuma bado ni makuti. Watu wa Pwani mnaujua utaratibu wetu: mwenye shamba anakuonyesha kiwanja, unamlipa kodi ya ardhi, unajenga kwa pesa zako mwenyewe, ila huruhusiwi kujenga kwa mawe. Baba aliomba ruhusa ya kujenga choo cha mawe, akanyimwa. Jawabu aliyopewa na karani ni kwamba mtu akishaweka mawe hatoki. Basi kila masika ukuta wa choo hulowa ukaanguka, tukaukandika upya. Mama amepita miaka sabini, na usiku wa mvua huenda msalani kwa jirani na tochi mkononi.

Kodi ilikuwa ikikusanywa na huyo karani. Alikuja na kitabu chake cha risiti, akaandika jina la baba, na baba alipofariki akaandika la mama. Risiti zote mama anazo. Ya mwisho ni ya Machi 2010. Baada ya hapo karani alifariki na hakuja mwingine. Mama alienda mjini kuuliza alipe wapi, akaambiwa mwenye shamba naye ameaga dunia, warithi wako nje ya nchi, asubiri ataitwa. Hakuitwa.

Mwezi uliopita walikuja vijana na mpima ardhi, wakatia rangi nyekundu kwenye minazi. Wiki hii tumeletewa barua ya wakili. Inasema shamba limeuzwa, sisi ni wavamizi, tutoke ndani ya siku 14, la sivyo tingatinga litakuja na gharama zitakuwa juu yetu. Jana kuna mtu amepita nyumba kwa nyumba na fomu. Ukitia sahihi unapewa shilingi 30,000 za kubebea vyombo. Majirani wawili wameshatia.

Nimesoma Katiba kifungu cha 43, kila mtu ana haki ya makao ya kutosha. Je, haki hiyo inamhusu mamangu au imeandikwa kwa ajili ya watu wengine? Siku 14 ni halali? Na hizi risiti, zinatusaidia au zinatumaliza? Nauliza kwa sababu mtu mmoja kazini ameniambia nizichome, ati nikizionyesha nitakuwa nimekubali kwamba sisi ni wapangaji tu.


Kijana wa Barani:

Pole sana dadangu. Kifungu cha 43(1)(b) kiko wazi, hakuna wa kumtoa mama. Pia kifungu cha 2(6) kinasema mikataba ambayo Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria zetu, kwa hiyo hata Umoja wa Mataifa uko upande wenu. Halafu sisi wenye mishahara tunakatwa asilimia 1.5 kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Serikali haiwezi kutukata pesa za nyumba huku ikiacha nyumba zilizopo zivunjwe. Msitoke.


Msaidizi wa Sheria, Muyeye:

Dada, usichome risiti hata moja. Mwambie mama aziweke mahali pakavu, na wewe uzipige picha zote usiku huu, mbele na nyuma.

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa sheria wa kujitolea; nakaa na watu wenye matatizo ya viwanja kabla hawajafika kwa wakili, na nawasindikiza Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi. Jambo lako nalijua vizuri, ndiyo maana nitaandika kwa urefu.

Kwanza nimjibu Kijana wa Barani, kwa sababu moyo wake ni mzuri lakini ushauri wake ukifuatwa hivyo hivyo unaweza kumwacha mama nje. Ni kweli haki ya makao ipo na ina mizizi mirefu. Imo katika kifungu cha 25 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Imo katika kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, ambao Kenya ilijiunga nao 1972. Ikaingia katika Katiba yetu 2010. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 21(2), inasema Serikali itaitekeleza haki hii hatua kwa hatua. Mzigo wa kutoa makao umewekwa kwanza juu ya Serikali. Mwenye hatimiliki naye ana kifungu cha 40 kinacholinda mali yake. Ukiingia kortini dhidi ya mtu binafsi na kifungu cha 43 peke yake, wakili wa upande wa pili ataweka hati mezani na kuuliza: hawa wana karatasi gani?

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ardhi ni ya nani, na ninyi mko juu yake kwa njia gani? Haki ya makao huanza kufanya kazi mkishalijibu hilo, na hapo inafanya kazi kubwa.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ule mkataba iliandika mwaka 1991, katika Maoni yake ya Jumla namba 4, kwamba nyumba ya kutosha si kuta na paa tu. Ilitaja mambo saba, na jambo la kwanza ni usalama wa kukaa: kila mtu, awe mpangaji, awe mwenye nyumba, awe anaishi mahali pasipo na karatasi yoyote, awe na kinga ya kisheria dhidi ya kufukuzwa kwa nguvu, kusumbuliwa na kutishwa. Mimi nasema hilo limewekwa mbele kwa haki. Tazama choo cha babako. Pesa za mawe alikuwa nazo, fundi alikuwapo, kiwanja kilikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa. Mtu asiye na usalama wa kukaa hawezi hata kujitengenezea usafi ambao kifungu kile kile cha 43 kinamwahidi. Mitaa ya Maweni na Kisumu Ndogo imejaa nyumba ambazo wenyewe wangeziboresha zamani sana.

Sasa siku 14. Barua imewaita wavamizi, yaani watu walioko kwenye ardhi bila idhini. Sawa, tuichukue kwa maneno yake. Sheria ya Ardhi ya 2012 ilirekebishwa 2016 ikaongezwa vifungu vya 152A na kuendelea, vinavyohusu kuwatoa watu. Kwa ardhi ya mtu binafsi, notisi ni ya miezi mitatu au zaidi. Lazima iwe ya maandishi. Ikiwa watu ni wengi, kama mlivyo ninyi, itangazwe katika magazeti mawili ya kila siku yanayosomwa nchi nzima na ibandikwe mahali pasipopungua patano ndani ya ardhi yenyewe. Lazima ieleze masharti kuhusu kuondoa majengo na kuvuna mazao yaliyopo. Nakala ipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Barua yenu ya siku 14 haijatimiza hata nusu ya hayo. Na sheria hiyo hiyo inampa aliyepewa notisi ruhusa ya kwenda mahakamani kuomba nafuu kabla hajaguswa.

Mtu asikudanganye kwamba mwenye ardhi binafsi anaweza kubomoa apendavyo kwa kuwa haki ya makao ni ya Serikali tu. Mwaka 2013, South C huko Nairobi, watu walibomolewa nyumba zao kwenye ardhi iliyokuwa na mwenyewe binafsi. Kesi ya William Musembi na wenzake ilifika Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini, na Julai 2021 majaji wakarudisha fidia ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imewapa. Asiye Serikali hana wajibu wa kukujengea, lakini ana wajibu wa kutokuvunjia utu wako.

Nije kwenye risiti, maana hapa ndipo aliyekushauri uzichome alipopata nusu ya ukweli. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, kifungu cha 7 na cha 38, inasema mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 waziwazi, bila nguvu na bila ruhusa, mwenye ardhi akanyamaza, anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mwenye ardhi. Anayelipa kodi anakaa kwa ruhusa, kwa hivyo muda wake hauhesabiwi. Mwenzako alisikia hapo akakimbia na kiberiti. Ila sheria inaendelea: palipo na upangaji wa kipindi kwa kipindi usioandikwa mkataba, saa ya hiyo miaka 12 huanza kuhesabu tangu siku kodi ilipopokelewa mara ya mwisho. Risiti ya Machi 2010 ndiyo inayoonyesha mama aliacha lini kukaa kwa ruhusa. Bila risiti hiyo, wenyewe wanaweza kudai alikuwa akilipa mpaka juzi, na utawajibu kwa nini? Tena shamba kuuzwa hakuirudishi saa nyuma. Mnunuzi huingia akaikuta ilipofika.

Ndiyo sababu ile fomu ya shilingi 30,000 inanitia hofu kuliko tingatinga. Mtu akitia sahihi kwenye karatasi inayosema anamtambua fulani kuwa mwenye ardhi, anaweza kuwa amejifungia mlango kwa mkono wake. Mama asitie sahihi chochote, asilipe chochote cha nyuma, mpaka wakili aisome hiyo fomu.

Hatua ya kwanza ni ofisi ya usajili wa ardhi Kilifi. Ombeni sachi rasmi, yaani wakague rejista waone ardhi imeandikwa kwa jina la nani, ya namba ya kiwanja iliyotajwa kwenye barua, na nakala iliyothibitishwa ya rejista. Kesi ya miaka 12 haiendi bila hiyo nakala. Je, namba ya kiwanja imetajwa?


Mwana wa Amu:

Salamu kutoka Lamu. Mama Muyeye amesema vizuri, nami naongeza upande mmoja tu, kwa sababu sachi inaweza kuwashangaza. Msije mkakuta shamba mlilokuwa mkililipia kodi miaka yote ni ardhi ya umma. Huku kwetu kisiwani na bara yake familia nyingi zimekaa vizazi na vizazi kwenye ardhi inayoitwa ya Serikali, hawana kipande cha karatasi.

Kwenye ardhi ya umma ile hesabu ya miaka 12 haifanyi kazi kabisa. Lakini hapo haki ya makao ina nguvu zaidi, si pungufu. Kesi yenyewe ni ya Mitu-Bell, watu wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Walipewa notisi ya siku saba mwaka 2011, wakaenda kortini, wakapata amri, na bado wakabomolewa. Walishinda Mahakama Kuu 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufani 2016, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema: watu wasio na ardhi wakikaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea familia zao, wanapata haki ya makao inayolindwa, hata kama si haki ya kupewa hati. Pia ikasema mahakama inaweza kuilazimisha Serikali irudi kueleza imefanya nini kuwasaidia. Miaka kumi ya kesi, na watoto wa Mitumba wamekua humo. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka, lakini hukumu ipo na inatumika.

Na kuhusu zile nyumba za bei nafuu alizozitaja kijana. Sizipingi. Lakini mama wa Maweni hana hati ya mshahara, na nyumba ya ghorofani haina ua wa kuanikia nazi wala kibaraza cha kukaa na jirani. Yale mambo saba ya 1991 yana mojawapo linalosema nyumba iheshimu utamaduni wa mkaaji. Kumjengea mtu kesho hakuhalalishi kumvunjia leo.


Mzee wa Kibokoni:

Wanangu, mnauliza kwa nini ardhi chini ya nyumba zetu ina wenyewe tusiowaona. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi wa Pwani, uliokuwa wa Sultani wa Unguja, uliwekwa chini ya Waingereza kwa mapatano. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye dai aje alithibitishe, na isiyodaiwa ni ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na maandishi na njia ya kufika kwa msajili walipata hati. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima hawakupata kitu, na watoto wao ndio wakaja kuitwa maskwota kwenye udongo walimozikwa babu zao. Sisemi hivi ili mtu achukie mtu. Nasema ili huyo binti ajue mamake hakuvamia mahali.


BintiMaweni:

Nawashukuru nyote, Mola awalipe. Mzee, maneno yako nimemsomea mama, akaniambia nikujibu ahsante.

Mama Muyeye, namba ya kiwanja imo kwenye barua. Lakini kuna jambo nimelijua leo tulipokaa na kakangu. Mwaka 2019 alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa anasimamia mali ya marehemu mwenye shamba. Kaka akaogopa, akamtumia shilingi 6,000 kwa simu, akaandika ni kodi ya mama. Hakupewa risiti, na mtu huyo hakupiga tena. Je, hapo tumeharibu kila kitu?

Na mama anasema amechoka. Anasema apewe hizo 30,000 aende kwa dada yake Ganda.


Msaidizi wa Sheria, Muyeye:

Hamjaharibu kila kitu, lakini mmebadilisha kesi, na afadhali nimejua sasa kuliko ijulikane mbele ya jaji.

Kama yule mtu alikuwa kweli na mamlaka kutoka kwa warithi, malipo yale yanaweza kuhesabiwa kuwa kodi, na saa ikaanza upya 2019. Miaka 12 itakuwa haijatimia. Kama alikuwa tapeli, 6,000 hizo si kodi ya mtu yeyote na 2010 inabaki pale pale. Wakili atataka kujua alikuwa nani. Msiifiche. Upande wa pili wakiwa nao ujumbe huo, mkiapa kwamba hamkulipa baada ya 2010, mama hataaminiwa hata kwenye mambo ya kweli.

Sasa tazama faida yake. Ikiwa 2019 ilikuwa kodi, basi mama ni mpangaji, na aliyemwita mvamizi amesema uongo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inataja haki zinazofuatana na ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista, na upangaji wa namna hii umo. Mnunuzi alinunua shamba pamoja na mama ndani yake. Hawezi kumfanya kana kwamba hayupo. Hapo mnaomba mahakama izuie ubomoaji, notisi halali itolewe, na thamani ya nyumba yenu ijadiliwe mezani badala ya nauli ya kubebea vyombo. Nyumba ni mali yenu hata kama ardhi si yenu.

Kwa hiyo mna njia mbili na haziendi upande mmoja: moja inasema tulikaa kwa ruhusa, nyingine inasema tulikaa bila ruhusa. Wakili anaweza kuziandika zote, moja ikishindikana iingie nyingine, lakini ninyi mkiulizwa semeni yaliyotokea tu.

Kuhusu amri ya dharura: kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu kufungua ombi la haki za msingi bila ada ya kuanzisha shauri, na kanuni za 2013 zinaruhusu mahakama kupokea hata barua. Tumieni hilo kwa ajili ya kuzuia tingatinga. Kesi ya umiliki ina utaratibu wake na gharama zake, hiyo itafuata. Barua ya wakili nayo ijibiwe kwa maandishi kabla siku hazijaisha, mistari michache tu, mkisema hamkubali kuitwa wavamizi na notisi si ya kisheria. Nakala moja kwa naibu kamishna wa kaunti, nyingine kwa polisi, zipigwe mihuri. Wakija usiku au bila ofisa wa Serikali, mihuri hiyo itasema kwamba walijua. Kamati ile ile ya Umoja wa Mataifa iliandika 1997, Maoni namba 7, kwamba watu wasitolewe usiku wala katika hali mbaya ya hewa ila kwa ridhaa yao. Tutayaweka maneno hayo kwenye ombi.

Mama akitaka kwenda Ganda kupumzika kwa dada yake, aende, ana haki ya kulala bila hofu. Lakini nyumba isibaki tupu, wala mlango usifungwe kwa kufuli ukaachwa. Wewe au kaka yako, mmoja wenu alale humo, moto uwake jikoni, na vyombo vibaki. Na wale majirani wawili waliotia sahihi msiwatenge. Waombeni nakala ya fomu, waulizeni walisomewa kwa lugha gani na kama wameshapewa hizo pesa. Nakala hiyo tunaihitaji.

Jumatatu asubuhi nitakuwa nje ya lango la mahakama. Njoo na barua, picha za risiti, picha za ile rangi kwenye minazi, na kitambulisho cha mama. Kaka yako aje na simu yenyewe, asiifute ile meseji ya 2019 wala asibadilishe laini.